Mikono ya Kushoto

Hakuna aliyekufa, tuanze na hilo, maana ukisema tu fulani amejigonga kichwa watu wanakimbilia kuuliza mazishi ni lini. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyelazwa, na damu yenyewe haikutoka hata ya kuchafua leso. Ndiyo maana ilikuwa vigumu watu kumwamini.

Binti huyu ninayemsimulia alijigonga kwenye mlango. Si gari, si jambazi, si tofali lililodondoka kutoka ghorofani. Mlango wa chuma wa karakana ya kushonea ya shangazi yake, ule wa kujikunja kwenda juu, ambao kila asubuhi ulikuwa unagoma katikati mpaka upigwe teke. Siku hiyo alikuwa na haraka. Akaupandisha nusu, akainama, akaingia, akakumbuka funguo ameziacha kwenye kufuli nje, akageuka na kuinuka kabla hajamaliza kutoka. Kichwa na chuma vikakutana.

Alicheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alicheka. Alishika utosi, akasema, "Mama weee!", akacheka mpaka machozi, na wenzake wakacheka naye. Fundi Koti, mzee wa makoti na suti ambaye hajawahi kuiacha nafasi ya mzaha ipite bure, aliugeukia mlango akauambia, "Pole sana. Umeumia?" Wakaingia kazini. Binti akakata vitambaa kutwa nzima huku kichwa kinamvuma, akijiambia ni njaa tu. Jioni akatapika kwenye ngazi za nyumbani kwao, na kesho yake akawa hajui ni siku gani.

Pale karakanani hakuna anayeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Shangazi ndiye mwenye mali, na ndiye anayebatiza watu. Fundi wa makoti ni Koti. Mdogo wake huyu binti, aliyeletwa kujifunza kazi baada ya kumaliza shule, ni Pini, kwa wembamba wake, na kwa kuwa midomo yake haikosi pini za kubania kitambaa. Na binti mwenyewe, ambaye alikuwa bado katika umri wa kuulizwa na kila mtu ataolewa lini, aliitwa Mkasi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mkono wake, na kidogo kwa sababu ya ulimi wake.

Mkasi alikuwa mkataji. Usilichukulie neno hilo juujuu. Mshonaji akikosea anafumua, anashona upya, anausingizia uzi. Mkataji akikosea amekosea, kitambaa hakijui msamaha. Kwa hiyo Shangazi alikuwa na sheria moja tu, aliyoirithi kwa aliyemfundisha yeye: mkataji akiwa mezani hasemeshwi. Hasalimiwi, haulizwi, hasahihishwi. Hata mteja akiingia anaonyeshwa kiti na kuwekewa kidole mdomoni mpaka mkasi utue. Binti huyu alikabidhiwa meza ile wakati wenzake wa rika lake walikuwa bado wanakaza vifungo, na hakuwahi kuharibu hata kipande. Meza ile ndiyo ilikuwa yeye. Ukimtoa pale sijui ungebaki na nani, na yeye mwenyewe hakujua, na hilo lilimtisha kuliko maumivu.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Picha safi. Daktari wa zamu akasema ubongo umetikisika kidogo, apumzike wiki mbili, atakuwa sawa. Wiki mbili zikapita, zikapita nyingine, mpaka mama yake akaacha kuzihesabu.

Acha nieleze ilivyokuwa, maana yeye alishindwa kueleza. Mwanga ulimchoma. Si jua tu, hata balbu ya jikoni, hata simu, hata shati jeupe la jirani kwenye kamba. Sauti nazo zilimwingia zote kwa pamoja bila foleni: kijiko kwenye kikombe, redio ya ghorofa ya juu, maji ya bomba, mama akiuliza kitu, na kichwa kikashindwa kuchagua kisikilize ipi. Akisoma mistari michache, kichefuchefu. Akigeuka ghafla, chumba kinachelewa kugeuka naye. Maneno yalimtoroka. Aliwahi kunyoosha mkono kuelekea pasi, chombo alichokizoea tangu utotoni, akasema, "Nipe ile... ile ya moto," na Pini akampa birika. Wakacheka wote wawili. Kisha Mkasi akaenda chumbani akalia mpaka mto ukalowa, bila kujua analilia nini hasa.

Na usingizi! Alilala mchana kutwa akaamka hoi, kama mtu aliyeshinda akipakua mizigo.

Mama yake ni mpishi wa shule, mwanamke wa kuita watoto mia kwa pumzi moja, hakuzaliwa na sauti ya chini. Alijifunza kunong'ona. Alitundika blanketi dirishani. Alivaa soksi ndani ya nyumba ili asisikike akitembea, na akawa anasimama jikoni kulinda birika, alizime kabla halijaanza kupiga mluzi.

Lakini watu, jamani. Watu! Mtu akivunjika mguu anafungwa plasta, na plasta inamsemea. Hakuna anayemwambia hebu cheza kidogo tuone. Mkasi hakuwa na plasta. Alikuwa na uso mzima na mashavu yaliyojaa kwa kulala, na kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka na maneno yake. "Mbona amenawiri?" "Ah, kichwa tu? Hata mimi kinaniuma." Jirani wa mlango wa pili alimwambia mama mtu, tena kwa huruma, "Usimdekeze sana, shoga, wasichana wa siku hizi wakipata kitanda hawakitoki." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndivyo tulivyofundishwa, ila jirani huyu aliwajua kunguni wa vitanda vyote isipokuwa chake.

Ubaya ni kwamba Mkasi alianza kuwaamini. Alilala gizani akijihukumu. Labda ninadeka. Labda ni uvivu ulikuwa unatafuta sababu. Siku nyingine alijikaza, akainuka, akafua nguo zote za nyumba ili ajithibitishie, na baada ya hapo akalipa kwa siku tatu za kutapika. Halafu mtu anamwambia jitahidi. Ajitahidi vipi tena?

Fundi Koti alikuja kumwona, akaketi kwenye giza lile kwa adabu, kofia magotini. "Usijali, binti yangu," akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo lipo zima, Fundi," Mkasi akamjibu. "Aliyevunjika ni mhunzi."

Mzee alimenya chungwa alilokuja nalo, akaligawa, wakalila.

Shangazi naye alikuja, karibu kila jioni, akitoka kazini. Kila mara alisema lilelile: "Meza yako ipo, mwanangu. Hakuna anayeigusa." Alisema kwa upendo, na haikuwa kweli. Alikuwa anaigusa yeye mwenyewe. Vidole vyake vilikwisha kukakamaa miaka iliyopita, ndiyo sababu alimkabidhi Mkasi kazi ile, na sasa alikuwa anakata akiuma meno, nguo zinachelewa, wateja wananuna. Mkasi aliviona vidole vile vimevimba juu ya mkoba. Akajiapiza kwamba atarudi mezani, liwe liwalo, kabla meza haijazoea kukaa bila yeye.

Baada ya kuzungushwa sana wakampata daktari wa mambo ya ubongo, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Huyo alizima taa ya chumba kabla hajaombwa. Kwa hilo tu Mkasi alitaka kumkumbatia.

"Picha inaonyesha ufa, inaonyesha damu," daktari akasema. "Mtikisiko hauonekani. Kutoonekana si kwamba haupo. Mnaelewa?"

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Miezi yote ile alikuwa anamtetea mwanawe bila ushahidi.

"Nitapona lini?" Mkasi akauliza.

"Wengi wanapona. Tarehe siwezi kukupa." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Fanya kidogo, uache. Na uache ukiwa bado unajisikia vizuri. Ukisubiri kichwa kikwambie basi, umeshachelewa."

"Sasa nitajuaje kabla hakijaniambia?"

"Utajifunza."

"Kwa kukosea?"

"Mara nyingi, ndiyo," daktari akasema, na hakujaribu kulipamba.

Basi akaanza. Kutembea mpaka kona na kurudi. Kuosha vikombe, siyo masufuria. Kukaa karakanani wakati wa chakula cha mchana, cherehani zikiwa zimenyamaza, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mambo yakaanza kutengemaa kidogo. Alipata siku nzuri moja, halafu mbili zikifuatana, akaona amefika. Nani angemlaumu?

Hapo ndipo ikaja kazi ya hoteli. Jaketi za wahudumu wote, rangi ya damu ya mzee, kwa kitambaa alichokichagua mwenye hoteli mwenyewe, kinachong'aa uso na kufifia mgongo. Duka lilikuwa limebakiwa na majora machache, wakayachukua yote, yakatosha kwa kubanabana. Kazi ya namna hiyo ikienda vizuri hoteli inakuwa yako, mashuka, mapazia, kila kitu. Na Shangazi asubuhi ile alikuwa ameshindwa hata kufunga vifungo vya blauzi yake.

"Nitakata mimi," Mkasi akasema.

Mama yake alikuwa amepita kumchukua. Akasimama palepale mlangoni. "Wifi, mtoto hajapona."

"Mwenyewe anasema amepona," Shangazi akasema.

"Mwenyewe! Mwenyewe jana ametia chumvi kwenye chai akainywa."

"Mama, niko fiti," Mkasi akaingilia. "Kichwa hakijaniuma siku nyingi sasa."

Uongo mtupu. Kilikuwa kimemuuma asubuhi hiyohiyo. Mficha maradhi kilio humfichua, na methali hiyo aliijua kama sisi sote tunavyoijua, lakini mtu aliyechoka kuwa mgonjwa hana muda na methali. Shangazi alimtazama sana. Vidole vilikuwa vinampwita, na moyo wake ulikuwa unamtaka yule binti wa zamani, mwenye ulimi na mkono. Akaamini kwa sababu alitamani kuamini. Mama akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si lake.

Asubuhi ya kukata, cherehani zilizimwa zote kwa heshima yake. Alianza na mikono ya jaketi. Sasa nikuambie kitu kimoja cha ufundi, kimoja tu. Kitambaa kina uso na mgongo, na ukikilaza mezani kwa matabaka, unakikunja uso utazamane na uso. Hivyo ukikata mkono wa kushoto kwenye tabaka la juu, la chini yake linakupa wa kulia. Ukilaza matabaka yote uso juu, utatoka na mikono ya upande mmoja tupu. Hilo mwanafunzi anafundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Mkasi alilaza tabaka la kwanza uso juu. Akalaza la pili uso juu. La tatu uso juu.

Na alikuwa na raha! Hilo ndilo la kuuma. Mkono ulikuwa mwepesi, chaki ilikuwa inateleza vizuri, kitambaa kilikuwa kinanukia upya, na kwa mara ya kwanza tangu mlango ule kichwa chake kilikuwa kimetulia. Pale ndipo pa kuacha, daktari alishasema. Lakini aliyenyimwa maji miezi yote ile hapewi kisima akaambiwa onja.

Pini aliona. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, pini midomoni, akaona tabaka la tatu likilala vibaya. Akazitema kiganjani. "Dada, hivi—"

"Shhh!" Shangazi akamwekea kidole.

Mkasi hakuinua hata kichwa. "Wewe Pini, siku hizi ndiye unayenifundisha kukata?"

Pini akazirudisha pini zake mdomoni. Fundi Koti naye aliona, akajiambia huyu hajawahi kukosea, bila shaka ana mpango wake. Na Shangazi, Mungu amsamehe, aliona pia. Aliona kitu hakijakaa sawa, akakifukuza kichwani kama mtu anavyofukuza nzi. Watu watatu wenye macho yao, wamenyamaza kwa heshima, na mkasi unakula kitambaa. Ukafika mwisho wa mikono yote. Wakampigia makofi. Mkasi akainama kama mwigizaji, akacheka, na alipofika nyumbani akalala na viatu.

Kesho yake Fundi Koti aliketi kuunganisha. Akashona mkono wa kwanza, akauweka kando. Akashona wa pili, akauinua, akautazama. Akauchukua wa kwanza, akaufananisha. Akaacha cherehani, akaenda kwenye rundo, akachambua kipande baada ya kipande. Shangazi alimwona mgongo tu, na mgongo ulimtosha. "Fundi, nini?"

"Kushoto," Fundi Koti akasema polepole. "Yote ya kushoto."

Mkasi alikuwa kwenye kiti chake pembeni, kofia machoni, kichwa kimemrudia kwa kisasi. Akainuka. "Lete nione."

Wakampa ile mikono miwili iliyoshonwa. Akaigeuza huku na huku. Akaishika dhidi ya dirisha, mwanga ukamchoma, akafumba, akafumbua. Wote walikuwa wanamtazama, wakisubiri apige kelele, au ajipige kofi, au atukane, kama fundi yeyote angefanya.

"Mbona iko sawa?" akasema.

Cherehani ya Pini ilikuwa bado inazunguka, akaizima.

"Angalia vizuri, mwanangu," Shangazi akasema.

"Nimeangalia. Huu na huu. Iko sawa. Tatizo liko wapi?"

Shangazi akamsogelea, akamvisha mkono mmoja wa jaketi upande wa kushoto. Ukakaa. Akamvisha wa pili upande wa kulia. Kiwiko cha kitambaa kikageukia mbele, pindo likajisokota kiganjani, na Mkasi akabaki ameunyoosha mkono ule akiutazama. Jicho lilishindwa kuona, lakini mwili ulielewa. Akaketi sakafuni.

"Yote?"

"Yote."

"Kitambaa kilichobaki?"

"Cha migongo na vifua tu."

"Hatuwezi kugeuza?" Alikuwa anajua jibu. Mgongo wa kitambaa kile ulikuwa umefifia kama nguo iliyochuja, na dukani hakikubaki hata cha leso.

Fundi Koti akajaribu, masikini. "Basi tutangaze tunatafuta wahudumu wenye mikono ya kushoto miwili." Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alijuta kabla hajafika mwisho.

"Kosa ni langu," Shangazi akasema. "Niliona nikanyamaza. Wewe ulikuwa mgonjwa."

Mkasi akainua uso. "Usiniambie hivyo."

"Ni kweli, mwanangu. Si kosa lako."

"Nigombeze!" Sauti yenyewe ilimpasua kichwa, akaendelea hivyohivyo. "Nigombeze, Shangazi! Pini aliposahau pasi ikaunguza kola moja ulimgombeza mpaka barabarani wakasikia. Mimi nimeangamiza kazi nzima. Ningekuwa mzima ungenitoa roho! Nigombeze basi!"

Shangazi alifungua mdomo. Alijaribu kweli, mwanamke yule ambaye ukali wake unajulikana mtaa mzima. Hakuna kilichotoka. Akaketi sakafuni karibu naye, akamvua ile mikono, mmoja halafu mwingine, na machozi yakawa yanamdondoka kwenye kitambaa cha hoteli.

Hapo ndipo Mkasi alipojua. Watu hawamgombezi mtu wanayemtegemea kurudi kesho; hapana, nimesema vibaya, wanamgombeza huyo hasa. Wasiyemtegemea ndiye wanayemwambia si kosa lako.

Mwenye hoteli hakugomba. Alipeleka kazi kwingine, na mashuka na mapazia yakaifuata. Mkasi alirudi kwenye chumba cha blanketi, na safari hii palikuwa pabaya kuliko mwanzo, maana mwanzo alikuwa na meza ya kurudia. Mama yake hakusema nilikwambia. Alivaa soksi zake, akalinda birika lake. Usiku mmoja Mkasi alimsikia akiomba nyuma ya mlango, kwa ule mnong'ono aliojifunza, na hakuwa anaomba mwanawe apone. Alikuwa anaomba apewe uvumilivu. Binti akageukia ukutani.

Akapona kidogo. Hivyo ndivyo inavyokuwa, anapona kidogo, anarudi nyuma, anapona kidogo tena, hakuna tarumbeta. Ilipofika siku anaweza kuvuka barabara bila kushika ukuta, alirudi karakanani kwa muda mfupi kila asubuhi. Walimpa kazi ya kupunguza nyuzi, ile ya kukata vijinyuzi vilivyobaki kwenye mishono, kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Aliketi ameupa mlango mgongo, kofia kichwani, pamba masikioni.

Na mezani alimkuta Pini, amesimama juu ya kreti ya soda kwa ufupi wake.

Hakuna aliyemweleza. Shangazi alipomwona anatazama alisema haraka, "Anakushikia nafasi tu, mwanangu," na Fundi Koti akakohoa bila kikohozi. Mkasi akasema sawa. Akapunguza nyuzi. Pini alikuwa mzuri, hilo nalo lilimuuma. Hakuwa mwepesi kama yeye, alikuwa wa kupima mara mbili na kuhema kabla ya kukata, lakini hakuharibu. Na kila Mkasi alipoingia mlangoni, mtoto yule alishuka kwenye kreti kidogo, nusu, kama mtu aliyekutwa amekalia kiti cha mkubwa. Hakuwahi kukaa pale kwa amani hata siku moja. Mkono wake ulikuwa unatetemeka dada yake akiwapo, na ulitulia dada yake akiondoka. Mkasi aliligundua hilo siku aliyosahau kofia akarudi ghafla, akamkuta Pini anakata huku anaimba chini chini. Alipomwona, wimbo ukakatika.

Asubuhi moja walikuwa na kazi ya makoti ya wauguzi, kitambaa kingine chenye uso na mgongo. Pini alilaza matabaka yake, akayanyoosha, akapiga chaki. Akashika mkasi. Akauweka chini.

"Dada," akaita. "Njoo unitazamie. Nimelaza sawa?"

Cherehani zikanyamaza. Katika karakana ile mkataji hajawahi kuuliza mtu. Na Pini alikuwa anajua kabisa amelaza sawa, kila mtu alijua, hata Mkasi alijua kwamba anajua. Mtoto alikuwa anamrudishia kiti chake mbele ya watu, kwa namna pekee aliyoiweza.

Mkasi akatoa pamba masikioni, akaenda. Kichwa kilikuwa kizuri asubuhi ile. Alikuwa amelala vizuri, hakuwa na kichefuchefu, hakuwa na sababu yoyote ya kusingizia. Akainamia meza. Akainua pembe ya tabaka la juu, akatazama, akainua la pili. Uso. Mgongo. Uso? Alijua maneno yote. Alijua sheria, angeweza kumfundisha yeyote. Lakini alipojaribu kuigeuza ile mikono kichwani, huu huku na huu kule, kama alivyoigeuza maelfu ya mara bila kufikiri, kichwani mlikuwa mtupu. Vipande vililala tu. Akajaribu tena kuanzia mwanzo. Jasho likamtoka chini ya kofia.

Angeweza kusema sawa. Neno moja, na lingekuwa kweli, na wote wangeshusha pumzi, na kesho Pini angemwita tena, na keshokutwa, na mkono wa mtoto ungetetemeka mpaka uzeeni.

"Sioni, mdogo wangu," akasema. "Natazama, lakini sioni."

Shangazi akainuka kitini. "Mwanangu, kidogo kidogo, bado uko—"

"Shangazi, hasemeshwi mkataji." Hakusema kwa ukali. Akauchukua mkasi mkubwa pale mezani, akaupima uzito wake mara moja mkononi, akamgeuzia mdogo wake upande wa kushikia. "Kata wewe. Usiniulize tena."

Pini akaupokea. Alisubiri kidogo juu ya kreti yake, machozi yamemjaa, labda akidhani dada atabadili neno. Dada hakubadili. Pini akafuta macho kwa bega, akainama, akakata.